Kupaki Gari Kwenye Hoteli za Disney, Florida, Bila Kulala Hapo

Familia ikija Orlando kwa gari kutoka Dallas, Louisville au Atlanta, mara nyingi hulala Kissimmee au pale International Drive, ambako vyumba ni nafuu. Hata hivyo wengi hutamani kuingia walau mara moja kwenye hoteli zenyewe za Walt Disney World, eneo kubwa la Disney lenye bustani nne za burudani. Hakuna ubaya. Hoteli hizo zinazidi 25, zina migahawa, maduka na kumbi za mapokezi zilizojengwa makusudi ili zitazamwe, na sehemu kubwa ya hayo iko wazi kwa mtu asiyelala humo. Kinachowatia watu wasiwasi ni gari: litaachwa wapi, litalipiwa kiasi gani, na je, askari wa getini hatawarudisha mbele ya watoto?

Kwenye hoteli zinazoendeshwa na Disney yenyewe, kupaki mwenyewe ni bure kwa mgeni wa mchana anayekuja kula, kununua kitu au kufanya shughuli iliyomo hotelini. Si bure kwa anayetaka kuliacha gari pale akatembee kwa miguu kwenda Magic Kingdom, moja ya bustani hizo. Ukiielewa tofauti hiyo, umeyaelewa masharti karibu yote utakayokutana nayo. Maegesho ya bustani za burudani ni dola 30 na kuendelea kwa siku, na kila asubuhi kuna watu wanaotafuta namna ya kuzikwepa dola hizo kwa kupitia hotelini. Askari amewekwa kwa ajili yao. Kazi yako ni kumwonyesha mapema kwamba wewe si mmoja wao.

Ukisoma maelezo ya zamani unaweza kuchanganyikiwa. Machi 2018 Disney ilianza kuwatoza wageni waliolala hotelini ada ya maegesho kwa kila usiku, na Januari 2023 ikaiondoa. Kwa hiyo ukikutana na bei za usiku za miaka ile, zipite tu. Hazikuhusu wewe uliyekuja kula na kuondoka.

Mfano wangu mkuu hapa utakuwa Animal Kingdom Lodge, kwa sababu ndiko wageni wangu wengi wanakotaka kupelekwa. Jengo moja linaitwa Jambo House, lilifunguliwa 2001, na la pili Kidani Village, la 2009. Migahawa ni Boma, Jiko na Sanaa, chumba cha mazoezi kinaitwa Zahanati (usiniulize), na nje kuna wanyama zaidi ya 200 kwenye nyika zenye majina kama Arusha na Uzima. Mama mmoja wa Morogoro niliyempeleka aliwatazama twiga kwa muda, kisha akauliza kwani si hawa hawa tunaowaona bure tukipita Mikumi na basi la Iringa. Ndio hao. Ila wajukuu zake waliozaliwa Texas hawajawahi kupita Mikumi.

Hatua ya 1: Jua hoteli ni ya nani

Kuwa ndani ya ardhi ya Disney hakufanyi hoteli iwe ya Disney. Swan, Dolphin na Swan Reserve ziko katikati kabisa, kati ya bustani za Epcot na Hollywood Studios, lakini zinaendeshwa na Marriott na zinatoza maegesho. Hoteli zilizo kandokando ya Disney Springs, eneo la maduka na migahawa la Disney, zenye majina ya makampuni mengine, kama Hilton, nazo zina bei zao. Ukienda kula Swan au Dolphin, chukua tiketi getini, usiitupe, na umuulize mhudumu wa meza kabla hujalipa bili kama mgahawa wake unathibitisha tiketi ya maegesho. Ikithibitishwa, ada inaondolewa au inapungua. Usipouliza, si wote watakaokukumbusha.

Yanayofuata hapa chini ni ya hoteli za Disney yenyewe. Za Universal, kampuni nyingine yenye bustani za burudani Orlando, nitazigusa baadaye kwa ufupi, maana huko mambo ni tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Shika meza kabla ya safari

Kuna njia nyingi za kupita getini, lakini hakuna inayoshinda meza iliyohifadhiwa kwa jina lako. Unafungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya Disney World au kwenye programu ya simu iitwayo My Disney Experience, unachagua mgahawa, tarehe na idadi ya watu, kisha unaweka kadi ya benki. Huhitaji kuwa na chumba wala tiketi ya bustani. Meza hufunguliwa siku 60 kabla. Unaweza kufuta bila hasara mpaka zikiwa zimebaki saa mbili. Ukipitisha hapo au usipotokea, kwa kawaida kadi hukatwa dola 10 kwa kila kichwa. Familia ya watu wanane ikighairi kimya kimya, hizo ni dola 80 za chakula ambacho hakuna aliyekionja.

Mgahawa upi? Kwa Animal Kingdom Lodge, ushauri wangu ni Sanaa, wakati wa chakula cha mchana. Uko Kidani Village, madirisha yake yanatazama nyikani, na chakula chake kina ladha za Kiafrika na Kihindi kwa pamoja, jambo ambalo mtu wa Mombasa au Unguja hataliona geni hata kidogo. Kinachosifiwa zaidi ni sinia la mikate ya aina mbalimbali, naan ikiwemo, pamoja na vibakuli vya chatne na achari. Watu wawili wanaweza kula hilo tu wakashiba, na bili ikawa ya kustahimilika. Boma ni bufee ya asubuhi na jioni, nzuri kwa familia yenye walaji wa kweli, lakini si rahisi kibei, na ukiwa mezani huwaoni wanyama. Jiko ni ya jioni, ya watu waliovaa wakavalia.

Kama meza zimeisha, jaribu tena siku moja au mbili kabla, maana watu wengi hufuta karibu na siku yenyewe. Zikikosekana kabisa, Jambo House ina mgahawa wa kujihudumia uitwao The Mara, usiohitaji kuhifadhi. Siku za kawaida, kumwambia askari kwamba mmekuja kula The Mara na kuwatazama wanyama kunatosha. Hilo hulisemi kwenye hoteli ya Contemporary, jirani ya Magic Kingdom, ukategemea majibu yaleyale, na hapo ndipo tunaingia hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Pima umbali kati ya hoteli na bustani

Kanuni ambayo haijaandikwa popote, lakini utaiona kwa macho: kadiri hoteli ilivyo karibu na lango la bustani, ndivyo geti lake linavyokuwa gumu.

Ngumu kuliko zote ni zile tatu za reli ya monoreli: Contemporary, Polynesian na Grand Floridian. Kutoka Contemporary unatembea kama dakika kumi tu, uko Magic Kingdom. Grand Floridian nayo ina njia ya miguu inayofika huko tangu 2020. Humo usitegemee maneno matamu. Kuwa na meza, na ufike karibu na saa yake. Mara nyingi askari atakutajia na muda unaoruhusiwa kukaa. Contemporary hasa, ambako watu hupanda ghorofa ya 15 kula California Grill huku wakitazama fataki, ni geti la kufika na uthibitisho mkononi.

Kundi la pili ni BoardWalk, Yacht Club na Beach Club, ambazo ukizitoka unaingia Epcot kwa mlango wa nyuma, pamoja na hoteli zilizounganishwa na vigari vya waya vya Skyliner tangu Septemba 2019: Caribbean Beach, Riviera, Pop Century na Art of Animation. Hapa hali hubadilika kulingana na siku. Jumanne ya Februari unaweza kupita bila maswali mengi, na Jumamosi ya tamasha la chakula Epcot ukaulizwa kila kitu.

Animal Kingdom Lodge iko kundi la tatu. Ingawa ina jina la bustani ya Animal Kingdom, hakuna njia ya miguu ya kufika huko. Ni basi tu. Mkwepaji wa ada hapati faida kubwa kupaki pale, kwa hiyo geti lake huwa na moyo mwepesi zaidi. Coronado Springs na Old Key West ziko hivyohivyo.

Fort Wilderness ina utaratibu wake peke yake. Ni eneo la kambi na vibanda, na gari la mgeni wa mchana haliruhusiwi kuingia ndani. Unapaki uwanja wa mbele, Outpost, kisha unapanda basi la ndani mpaka upande wa ziwani. Mtu mwenye tiketi ya onyesho la chakula cha jioni la Hoop-Dee-Doo, lililoko Pioneer Hall, aongeze karibu saa nzima kwenye hesabu zake, la sivyo atafika wenzake wakiwa kwenye kuku wa kukaanga.

Hatua ya 4: Chagua siku na saa

Siku za kuepuka zinajulikana: tarehe 4 Julai, wiki ya Thanksgiving, Krismasi mpaka Mwaka Mpya, na Pasaka. Siku hizo hoteli zinaweza kumzuia kila asiye na chumba wala meza, na hakuna maana ya kumlaumu askari, kwa sababu nafasi zimekwisha kweli. Desemba kumbi za mapokezi hupambwa kwa miti mikubwa ya Krismasi, na watu huzunguka hoteli moja hadi nyingine kuitazama. Kama nawe unataka kuiona, fanya hivyo kwa monoreli, si kwa gari. Nitaeleza namna yake mbele.

Kuna siku moja ambayo wageni huisahau: wikiendi ya mbio za marathoni mwanzoni mwa Januari. Barabara za ndani hufungwa tangu alfajiri, na ramani ya simu inaweza kukupeleka moja kwa moja mpaka kwenye vizuizi.

Kuhusu saa, fika kama nusu saa hadi dakika 45 kabla ya muda wa meza. Ukifika saa mbili asubuhi na meza yako ni ya saa moja jioni, umempa askari sababu ya kukutilia shaka, na hana kosa. Kwa Animal Kingdom Lodge kuna jambo la ziada: jua. Majira ya baridi huzama mapema, kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo twiga utamwona kwa kubahatisha. Ndiyo maana nikasema chakula cha mchana.

Hatua ya 5: Getini

Kabla hujaanza safari, fungua uthibitisho wa meza kwenye simu upige picha ya skrini. Mtandao ukigoma, au programu ikikutaka uingize nywila foleni ikiwa nyuma yako, picha hiyo itakuokoa. Jua pia jina la jengo. Kwa Animal Kingdom Lodge ramani iandikie Jambo House au Kidani Village, usiishie kwenye jina la jumla, kwa sababu kila jengo lina maegesho yake. Anayetoka Kissimmee kwa barabara ya 192 atakata Sherberth Road na kutokea Osceola Parkway karibu kabisa na hoteli. Hana haja ya kuzunguka kwenye barabara kuu ya I-4 na foleni zake.

Ukikaribia geti, punguza mwendo na utazame mabango. Palipo na njia mbili, ile ya kugusisha bangili au kadi ni ya waliolala humo. Wewe fuata yenye askari. Zima muziki, shusha kioo, leseni ya dereva iwe mkononi. Atakayeulizwa kitambulisho ni dereva, lakini watu wazima wengine nao wawe na chao karibu. Aliyekodi gari kwa leseni ya Tanzania au Kenya aishike pamoja na pasipoti, ili askari asihangaike kusoma kadi asiyoizoea.

Maneno yenyewe ni machache. Atakusalimu na kuuliza mnakuja kufanya nini. Mjibu kwa sentensi moja yenye vitu vitatu: mgahawa, saa na jina. Tuna meza Sanaa saa saba mchana, imehifadhiwa kwa jina la fulani, tuko sita. Hapo umemaliza. Sisi tuna tabia ya kuanza na hadithi, tumetoka wapi, mgeni huyu ni nani, amekuja kwa ajili ya mahafali ya nani. Hadithi hiyo itamfaa mhudumu wa meza, ambaye huenda akaifurahia. Askari anataka kulitafuta jina kwenye orodha yake tu.

Jina ndilo linalowakwamisha wengi. Meza imehifadhiwa na mpwa aliyeko Houston, kwa jina lake la pili ambalo wengine garini hawalijui, na yeye hajaja. Kama ni lazima mtu mwingine ahifadhi, aandike jina la dereva. Jambo la pili ni msafara. Familia zetu hazitembei na gari moja, na kila gari huulizwa peke yake hata kama yamefuatana bampa kwa bampa. Mtumieni kila dereva ile picha ya skrini, na mkubaliane jina kabla ya kuondoka. Gari la mbele likipita, lisisimame hapohapo kulingojea la nyuma. Lisonge mpaka kwenye maegesho.

Askari anaweza kukupa karatasi ya kuweka kwenye dashibodi, wakati mwingine ikiwa na saa. Iweke mahali inapoonekana kupitia kioo cha mbele, usiikunje ukaitia mfukoni. Maegesho haya ni mali binafsi, na Florida sheria inamruhusu mwenye mali kuliondoa gari lililokiuka masharti kwa gharama ya mwenye gari.

Hatua ya 6: Kupaki kwenyewe

Shusha wazee na watoto wadogo mlango mkuu kwanza. Huruhusiwi kuliacha gari hapo, lakini kusimama kidogo kumsaidia bibi kushuka hakuna atakayekugombeza. Mmoja abaki nao, dereva aende kupaki.

Fuata mabango ya kupaki mwenyewe. Ukikosea ukasimama kwenye kibanda cha wahudumu wanaokupakia gari, utalipa zaidi ya dola 30, na wakati wa kurudishiwa gari utatarajiwa kutoa bahashishi ya dola chache. Wapo wanaoona inafaa, kwa mfano mvua ikinyesha na una mgonjwa. Kwa mtu mzima mwenye miguu miwili ni hela ya bure, kwani kutoka maegesho ya kawaida mpaka mlangoni si mbali.

Hapa Kidani Village ina nafuu ambayo Jambo House haina: maegesho yake yako chini ya jengo, kivulini. Kuanzia Juni mpaka Septemba jua la Florida ni kali, na alasiri mvua ya radi hushuka kwa ghafla. Gari lililoachwa uwanja wa wazi wa Jambo House utalikuta kama tanuri. Kwa hiyo hata kama mnakwenda Boma, ambayo iko Jambo House, mnaweza kufikiria kupaki Kidani. Kati ya majengo hayo mawili kuna njia ya kutembea na basi dogo la hoteli. Ila mwambie askari ukweli wa mnakokwenda, akikuelekeza Jambo, fuata.

Piga picha ya bango la safu uliyopaki. Na mtoto asiachwe garini, hata usingizini, hata kwa dakika tano za kwenda kuulizia meza. Kwa joto la huku hilo si jambo la kujadiliwa, na polisi wataitwa.

Hatua ya 7: Ukishaingia

Mgeni wa mchana anaruhusiwa kukaa kwenye ukumbi wa mapokezi, kuzunguka maduka, kula, na kutoka nje kwenye sehemu za kutazamia wanyama. Jambo House ina njia inayochomoza katikati ya nyika ambako unaweza kusimama muda mrefu bila kutoa senti. Mkongo atafute okapi upande wa Kidani, maana porini mnyama huyo yuko nchini kwake tu. Mtu wa Ankole, Rwanda au Burundi atawaona ng'ombe wale wa pembe ndefu na huenda akawa na maoni kuhusu matunzo yao.

Mabwawa ya kuogelea ni ya waliolala tu, kwa hiyo usiwavalishe watoto nguo za kuogelea chini ya suruali ukitumaini kupenyeza. Wafanyakazi huvaa kibandiko chenye jina na mahali wanakotoka, na hoteli hii imezoea kuwa na watu waliotoka nchi za Afrika. Ukikuta kibandiko chenye nchi unayoijua, salimia kwa lugha yenu. Hapo ndipo ile hadithi ya mahafali inapopata msikilizaji.

Baada ya kula, kuzunguka kwa saa moja hivi hakuna neno. Kupanda basi la hoteli kwenda Magic Kingdom ukarudi usiku kuchukua gari ni jambo jingine, na ndilo hasa lililowekewa geti.

Kama siku hiyo mnakwenda bustanini pia

Basi msisumbuke na geti la hoteli. Lipeni maegesho ya bustani mara moja, na mtunze risiti, maana inatumika kwenye bustani zote nne siku hiyohiyo. Kisha tumieni usafiri wa Disney, ambao ni bure na kwa kawaida hauulizi chumba.

Mliopaki Magic Kingdom mko kwenye kituo kikubwa kiitwacho Transportation and Ticket Center. Hapo kuna monoreli inayopita kwenye hoteli: Polynesian, Grand Floridian na Contemporary. Panda, shuka, tazama miti ya Krismasi, panda tena. Ni hoteli tatu zenye mageti magumu, na hujazungumza na askari hata mmoja. Mliopaki bustani ya Animal Kingdom mnaweza kuchukua basi la Animal Kingdom Lodge kutoka kituo cha mabasi mbele ya lango, mle chakula, mrudi kwa basi hilohilo. Na mkiwa bado ndani ya bustani, kijiji cha Harambe kilijengwa kwa kuuangalia mji wa Lamu. Mtu wa Lamu atajua wapi wamepatia na wapi wamebuni.

Kwa watu wawili au watatu, Uber au Lyft inaweza kuwa rahisi kuliko kukodi gari la siku nzima. Dereva naye ataulizwa getini, kwa hiyo mpe jina na saa ya meza mapema.

Universal na California

Hoteli za Universal Orlando zinatoza maegesho hata kwa aliyelala humo, na mgeni wa mchana hulipa kulingana na muda aliokaa. Baadhi ya migahawa yao ya mezani hupunguza ada ukionyesha tiketi, kwa hiyo uliza kabla ya bili. Kama mmeshapaki kwenye maghorofa makubwa ya maegesho ya Universal, hamna haja ya kulitoa gari. Kutoka CityWalk, eneo lao la migahawa na maduka, kuna njia nzuri za miguu na boti za bure zinazofika Hard Rock, Portofino Bay, Royal Pacific na Sapphire Falls.

Disneyland ya Anaheim, California, msiifananishe na Florida. Ardhi ni ndogo, hoteli ziko mlangoni mwa bustani, na kupaki hotelini ni kwa malipo. Tegemeo lenu ni tiketi kuthibitishwa na mgahawa mliokula, kwa saa chache.

Askari akikataa

Kwanza mwonyeshe ile picha ya skrini, kama hukuwa umeionyesha. Akisema maegesho yamejaa, usibishane wala usiombe kuzungumza na mkubwa wake huku magari kumi yanapiga honi nyuma. Muulize ugeukie wapi.

Kisha nenda Disney Springs. Maghorofa yake ya maegesho, Orange, Lime na Grapefruit, ni bure kwa mtu yeyote, na taa za juu ya kila nafasi hukuonyesha ipi iko wazi. Paki Lime au Orange, shuka mpaka kituo cha mabasi, upande linalokwenda hoteli yako. Siku za msongamano mhudumu kituoni anaweza kuuliza shughuli yako, nawe una uthibitisho wa meza. Kungoja na safari yenyewe ikadirie saa nzima. Ukiona hutawahi, ingia kwenye programu ukiwa hapo kituoni uisogeze meza kwenye saa ya baadaye kabla hazijabaki zile saa mbili. Zikishapita, piga simu uwaambie mko njiani. Mkikosa kabisa, hapo Springs penyewe pana migahawa ya kila aina, na gari limeshapakiwa.